Kumtafuta babu wa Kiingereza: uanze na sensa, kitabu cha parokia au shamba alilolima?

Mama mkwe wangu ni Mwingereza wa kijijini, mtu anayejua kaburi la kila jirani. Hata hivyo mwaka juzi alinikabidhi bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na picha mbili, kipande cha gazeti, na majina kumi na moja yaliyoandikwa kwa penseli, mengine yamefutika nusu. Alitaka kujua watu wake walitoka wapi kabla ya babu yake. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Ukoo wangu niliusikia kwa shangazi tangu utotoni, sijawahi kuusoma popote. Nikadhani ni kazi ya wiki mbili. Imekula mwaka na ushei.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenzangu tuliooa au kuolewa huku, ambao siku moja watoto watarudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, nusu ya matawi yakiwa Pwani na nusu yakiwa kwenye kijiji cha Uingereza. Wa pili ni walioko Afrika Mashariki wenye babu Mwingereza aliyekuja kwa reli, jeshi, misheni au shamba la mkonge, akaacha jina na picha basi. Njia za kutafuta ni nyingi na zote zinajisifu. Hazilingani hata kidogo, na ukikosea ya kuanzia utapoteza pesa, au vibaya zaidi, utampata babu wa mtu mwingine.

Watu au mahali

Kuna namna mbili za kwenda. Unaweza kufuata watu: cheti cha babu kinakupa wazazi wake, cha wazazi kinakupa wazazi wao, unapanda hivyo hivyo. Au unaweza kukaa mahali pamoja, kijiji kimoja, ukauliza nani aliishi nyumba hii, nani alilima kipande kile, nani alilala njaa majira ya baridi mwaka fulani.

Wengi wanachukua ya kwanza bila kujua kwamba ya pili ipo. Mimi nimeishia hivi: fuata watu mpaka unapofika miaka ya 1830 na 1840, kisha badili gia ufuate mahali. Sababu ni majina. Vijijini Uingereza ya zamani waliishi kwa majina machache mno: John, William, Thomas, Mary, Ann, Elizabeth. Parokia moja inaweza kuwa na akina William watatu wa jina moja la ukoo, mabinamu, wamezaliwa ndani ya miaka mitano. Karatasi ya jina peke yake haitakutofautishia. Kinachowatofautisha ni nyumba, kazi, shamba na deni.

Majina ya watu wa mama mkwe ni yao, sitayaanika hapa. Nitatumia ukoo ulio hadharani, ambao kijiji chake kiko maili sita saba kutoka Peterborough ninapoishi: Helpston, kwa mshairi John Clare. Alizaliwa pale tarehe 13 Julai 1793, mtoto wa kibarua wa shamba. Kwa kuwa alipata umaarufu, maisha yake yamechimbuliwa mpaka chini, hivyo tunajua jibu sahihi na tunaweza kupima kila chombo kingetufikisha wapi. Na watu wake walikuwa mafukara, kama walivyokuwa mababu wa Waingereza wengi. Anayekuambia ukoo wake wote ni wa wakubwa wenye majumba, muulize amelipa kiasi gani kuandikiwa hivyo.

Vyeti vya serikali na sensa

Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Kuanzia siku hiyo kila tukio lililoandikishwa lina cheti, na cheti ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote kwa kuunganisha kizazi na kizazi. Cha kuzaliwa kinakupa jina la mama kabla ya kuolewa. Cha ndoa kinakupa baba wa bwana na baba wa bibi pamoja na kazi zao. Mama za maharusi hawakuwekwa mpaka mwaka 2021, jambo ambalo bado linanikera. Cha kifo kinataja umri, kazi, ugonjwa, na nani alikwenda kutoa taarifa. Huyo mtoa taarifa usimpite haraka, mara nyingi ni binti aliyeolewa, na jina lake jipya ndilo ufunguo wa mlango mwingine.

Tatizo ni mpaka wenyewe wa 1837. Mama yake Clare, Ann, alifariki mwaka 1835. Baba yake, Parker, alifariki mwaka 1846. Mume ana cheti cha kifo, mke hana. Miaka miwili tu imemfanya abaki na mstari mmoja kwenye kitabu cha maziko. Tena miaka ya mwanzo wazazi wengine hawakuandikisha watoto kabisa, mpaka sheria ilipokazwa kuanzia 1875. Ukikosa kizazi cha 1843 usijilaumu, huenda hakikuandikwa.

Jambo la fedha: faharasa ya vyeti ni bure. Ofisi kuu ya usajili ina yake mtandaoni, na ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu imeweka jina la ukoo wa mama tangu 1837 na umri wa marehemu. Faharasa ya zamani iliyochapwa kila robo mwaka haina jina la mama kwa vizazi vya kabla ya Septemba 1911, ndiyo maana watu walikuwa wakinunua vyeti vitatu kupata kimoja sahihi. FreeBMD, tovuti inayoendeshwa na watu wa kujitolea, ni nzuri kwa ndoa. Ila faharasa haikutajii kijiji. Inataja wilaya ya usajili, yenye vijiji chungu nzima.

Sensa ndiyo inayokupa kijiji. Walianza kuhesabu watu mwaka 1801, lakini sensa ya kwanza yenye majina iliyohifadhiwa kwa nchi nzima ni ya 1841, kisha kila miaka kumi. Kwa kuwa hufungwa miaka 100, ya mwisho kufunguliwa ni ya 1921, iliyotoka Januari 2022. Kwa hiyo una sensa tisa za kuchezea. Usingoje ya 1931, iliungua moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kidogo na daftari la watu lililoandikwa tarehe 29 Septemba 1939 kwa ajili ya vitambulisho na mgao wa chakula. Hilo linakupa mpaka tarehe ya kuzaliwa.

Zote si sawa. Ya 1841 ni dhaifu: umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi tano iliyo karibu, hivyo mwenye 39 anaandikwa 35. Haisemi nani ni mke, nani ni mtoto, nani ni mpangaji. Mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana tu: kaunti hii au si hii. Kuanzia 1851 mambo yanafunguka: uhusiano na mkuu wa nyumba, umri kamili, na parokia ya kuzaliwa kwa jina. Kama una muda wa sensa moja tu kwa babu wa karne ile, chagua 1851. Kwa karne iliyofuata chagua 1911, maana karatasi zilizobaki ni zile zile alizojaza mwenye nyumba kwa mkono wake. Mke anaulizwa amezaa wangapi na wangapi wamekufa. Kwenye karatasi ya bibi wa mama mkwe nilikuta: hai watano, waliokufa wanne. Familia nzima haikuwahi kusikia habari za hao wanne. Mwaka 1921 wakaongeza mwajiri na mahali pa kazi.

Hatari ya sensa ni kwamba ni picha ya usiku mmoja. Sensa ya 1841 ilipigwa usiku wa tarehe 6 Juni. Anayemtafuta John Clare nyumbani kwake Northborough, alikohamia mwaka 1832, hatampata. Tangu 1837 alikuwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili High Beach, Essex. Mwezi uliofuata sensa, Julai 1841, alitoroka akatembea kwa miguu siku nne, maili 80 hivi, kurudi nyumbani. Mtafiti mwenye haraka anamwona mke na watoto bila mume, anaandika “mjane”, na kosa hilo linaingia kwenye mti wa ukoo, linanakiliwa na watu hamsini.

Kitabu cha parokia

Nyuma ya 1837 unaingia kanisani. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, akimtumikia Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Si vijiji vyote vina kitabu cha tangu hapo. Vingi vimepotea, vingine vililiwa na panya na unyevu, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1640 na 1650 kuna mapengo karibu kila mahali. Kuanzia 1598 nakala ilitakiwa kupelekwa kwa askofu kila mwaka, kwa hiyo ukurasa ukikosekana kijijini jaribu nakala ya askofu. Mimi imeniokoa mara mbili.

Ukilinganisha na cheti, kitabu cha parokia ni bahili. Ubatizo wa karne ya 18 mara nyingi ni mstari mmoja: John mtoto wa Thomas na Mary. Hakuna umri, hakuna kazi, hakuna jina la ukoo wa mama. Na ubatizo si uzazi. Kuna watu walibatiza watoto wanne siku moja, mkubwa akiwa na miaka tisa. Mambo yalinyooka kwa sheria mbili. Ya kwanza ilianza kutumika mwaka 1754, ikataka ndoa zisainiwe na maharusi na mashahidi, au waweke alama. Hapo unamwona babu wa babu kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ni alama ya X iliyopinda. Ya pili ilianza Januari 1813, ikaleta fomu zilizochapwa zenye makazi, kazi ya baba, na umri wa aliyezikwa. Kwa hiyo ninapomshauri mtu nasema: kati ya 1813 na 1837 kitabu cha parokia kinatosha, kabla ya hapo kinahitaji msaada.

Angalia pia kalenda. Mpaka 1752 mwaka mpya wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Aliyezikwa Februari 1720 kwa kitabu, kwa hesabu yetu ni Februari 1721. Bila kujua hilo utamkuta mwanamke amezikwa miezi kadhaa kabla ya kujifungua, na utaanza kuwatukana makasisi bure.

Sasa tuione Helpston. Clare alioa tarehe 16 Machi 1820. Ukipekua ndoa za Helpston za mwaka huo hutamwona, kwa sababu ndoa ilifungwa kwa bibi harusi, Great Casterton, kaunti nyingine kabisa ya Rutland. Ndiyo kawaida yao: ndoa kwa mwanamke, watoto kwa mwanamume. Ndoa ikikosekana chora duara la maili kumi kuzunguka kijiji, uanze kupekua parokia moja moja. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Juni mwaka ule ule. Hili nalo ni la kawaida kuliko bibi zetu wa Kiingereza wanavyopenda kukiri.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni jina la baba yake. Parker ni jina la ukoo, si jina la mtu. Kwa nini mtoto aitwe Parker Clare? Kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa. Mama yake, Alice, binti wa karani wa kanisa la Helpston, alipata mimba ya mwalimu mzururaji mpiga fidla, John Donald Parker, ambaye alipoambiwa alitoweka. Mtoto akapewa jina la ukoo la mama, na jina la ukoo la baba likasukumwa mbele kama jina lake la kwanza. Halikuishia hapo: mmoja wa wana wa mshairi, aliyezaliwa 1828, aliitwa William Parker Clare. Ukikuta kwenye kitabu cha parokia mtoto mwenye jina la kwanza lisilo la Biblia wala la mfalme, simama hapo hapo. Huenda baba anakuchungulia.

Sanduku la maskini na ramani

Hapa ndipo ninapobishana na watu. Wanaofuata damu peke yake wakishamaliza vitabu vya ubatizo hufunga daftari na kusema wamefika mwisho. Hawajafungua sanduku la parokia, zilimowekwa karatasi za maskini wake.

Tangu sheria ya 1662 kila maskini alikuwa mali ya parokia moja, kwa maana ya kwamba parokia hiyo ndiyo iliyopaswa kumlisha akianguka. Kwa hiyo parokia ziligombana na kuandika. Mtu akiomba msaada mahali asipotoka aliitwa mbele ya mahakimu na kuulizwa maisha yake: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, mwaka mzima au chini yake, kwa mshahara gani, ulioa lini na wapi. Majibu yakaandikwa. Hebu fikiria, kibarua asiyejua kusoma, wa miaka ya 1780, anasimulia maisha yake na karani anaandika! Hakuna sensa itakayokupa hilo. Neno “mwaka mzima” lilikuwa na uzito: aliyeajiriwa mwaka kamili alipata haki ya kuhesabiwa mwenyeji, ndiyo maana wakulima wajanja waliajiri kwa wiki 51.

Kuna pia amri za kuhamisha watu, hati za kumbana baba wa mtoto wa nje ya ndoa alipe matunzo, na daftari la matumizi la wasimamizi wa maskini: jozi ya viatu kwa mjane, kuni, jeneza. Parker Clare mwenyewe, alipolemazwa na baridi yabisi, aliishi kwa msaada wa parokia. Watu wa namna hii wameacha karatasi nyingi kuliko fundi seremala aliyejiweza, ambaye hakuomba na hakushtakiwa, hivyo hakuandikwa. Kama babu yako alikuwa fukara, una bahati.

Mwaka 1834 mfumo ukabadilika. Parokia zikaunganishwa na maskini wakapelekwa kwenye nyumba kubwa za kufanyishwa kazi. Kumbukumbu zinaendelea lakini zinakauka, unapata idadi kuliko habari.

Ramani nazo zina ushindani wake. Sheria ya 1836 iligeuza fungu la kumi, ambalo wakulima walilipa kanisani kwa mazao, kuwa malipo ya fedha. Ili kukokotoa wakachora ramani za vijiji, kila kipande na namba yake, na daftari linalotaja mwenye ardhi, anayeikalia, jina la shamba, limelimwa nini na ukubwa wake. Hilo neno “anayeikalia” ndilo dhahabu, kwa sababu mpangaji mdogo anaonekana. Ukiweka daftari hilo karibu na sensa ya 1841 unaweza kumweka babu kwenye nyumba yake hasa.

Lakini ramani hizo hazipo kila kijiji. Kaunti za katikati ya nchi, Northamptonshire ikiwemo, zilishamaliza suala la fungu la kumi sehemu nyingi wakati mashamba ya wazi yalipogawanywa na kuzungushiwa ua kwa sheria ya Bunge. Huko unageukia hati ya mgawanyo na ramani yake. Eneo la Helpston lilipata sheria yake mwaka 1809, na hati ya mwisho ikakamilika 1820. Kabla ya hapo kijiji kililima mashamba makubwa matatu ya wazi, watu wakichunga pamoja. Baadaye ikawa ni ua, geti na “usipite”. Clare aliichukia kazi hiyo maisha yake yote, ingawa njaa ilimfanya naye apokee kibarua cha kupanda ua.

Udhaifu wa hati ya mgawanyo ukilinganisha na ramani ya fungu la kumi ni kwamba inawajua wenye haki ya ardhi tu. Kibarua aliyepanga nyumba ya mtu hayumo. Kwa ukoo kama wa Clare, hati ya 1820 itakuonyesha dunia waliyoipoteza, bila jina lao.

Ramani zilizochapwa za Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, za mwisho wa karne ya 19 hazina majina ya watu, lakini zina kila nyumba, kisima na mti mkubwa. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure, za Uingereza pia. Nilimfungulia mama mkwe yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaonyesha kwa kidole kibanda kisichokuwepo tena: pale ndipo babu yake alipofuga nguruwe. Nikarudi kwenye sensa na hicho kibanda, nikagundua nilikuwa nimemfuata William wa nyumba ya pili.

Kompyuta au safari

Kwa mtu aliyeko Dar es Salaam au Muscat swali hili limejibiwa tayari. FamilySearch, tovuti ya Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni bure na ina mambo mengi, ianze hiyo. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, na kaunti zimegawana: parokia za kaunti moja ziko kwa huyu, za jirani yake ziko kwa yule. Kabla ya kulipa tazama nani ana kaunti yako, kusanya maswali yako yote, kisha lipa mwezi mmoja na ufanye kazi kama umefungiwa ndani. Walioko Uingereza waulize maktaba ya mtaa. Nyingi zina usajili ambao mwanachama anautumia bila malipo akiwa mle ndani.

Onyo moja ninalo kutokana na jeraha langu. Mtandao mmoja wa kulipia uliniletea “dokezo”: mti wa ukoo wa mtu nisiyemjua, umemalizika mpaka 1690, na babu yetu yumo. Nikaunakili. Wiki tatu baadaye, katika kitabu cha maziko cha parokia ile ile, nikamkuta yule mtoto amezikwa akiwa na miezi minne. Tulikuwa tumempandisha ukoo wote mgongoni mtoto mchanga. Tangu siku hiyo simkubali mtu wa kabla ya 1800 mpaka nimemtafuta kwenye maziko.

Hifadhi ya nyaraka ya kaunti ni kitu kingine. Sanduku la parokia, madaftari ya maskini, ramani nyingi, hayo mara nyingi hayako mtandaoni. Unaweka nafasi mapema, unakwenda na kitambulisho, begi linabaki kwenye kabati, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Wanakuletea kitabu juu ya mto wa sponji ili mgongo usivunjike, na mkufu mzito uliofunikwa kitambaa, wenyewe wanauita nyoka, wa kulaza ukurasa. Wino wa zamani umekuwa rangi ya chai. Saa moja ya kwanza husomi kitu; ya pili unaanza kuzoea mwandiko wa kasisi, jinsi herufi ya s inavyofanana na f.

Hakikisha ni hifadhi sahihi, maana mipaka ya kaunti imehamahama. Helpston ilikuwa upande wa Northamptonshire, mwaka 1965 ikaingizwa kwenye kaunti ya Huntingdon na Peterborough, mwaka 1974 ikawa Cambridgeshire. Ramani ya simu itakupeleka kwenye hifadhi ya Cambridgeshire. Kumbukumbu za kanisa hufuata dayosisi, na za dayosisi ya Peterborough ziko Northampton.

Kwa wale wa babu wa Afrika Mashariki, safari iko upande wa pili. “Smith” bila kijiji ni kama kumuulizia Juma Mombasa. Tafuteni kwanza orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960, zilizohifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London, na zinazotafutika mtandaoni. Miaka ya baadaye zinataja umri, kazi na anwani ya mwisho nyumbani. Kama alikuwa mwanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mafaili mengi ya askari wa kawaida yaliungua kwa mabomu London mwaka 1940, kwa hiyo kukosa si ushahidi kwamba hakuwapo.

Mate kwenye chupa

Kipimo cha DNA ndicho watu wanachonunua kwanza siku hizi, na mimi ningekinunua mwisho. Kipimo cha kawaida kinasoma urithi unaopungua nusu kila kizazi: kwa babu wa vizazi vitano sita bado kinasema kitu, zaidi ya hapo unaweza usiwe na chembe yake ingawa ni babu yako kweli. Hakikupi kijiji. Kinakupa orodha ya mabinamu waliopima, na asilimia za kanda ambazo hubadilika kampuni inaporekebisha hesabu zake. Bila karatasi, orodha hiyo ni majina tu.

Pale kinapoishinda karatasi ni penye baba asiyeandikwa, na kwa wasomaji wengi wa babu wa Kiingereza asiyeoa bibi, hiyo ndiyo hali yenyewe. Hao ningewageuzia ushauri wangu wote: anzeni na DNA, mpimeni mzee aliye hai kabla hajaondoka, kisha ndipo mtafute vyeti vya mabinamu watakaojitokeza. Kromosomu ya Y, inayopita baba kwa mwana bila kuchanganyika, kwa kawaida hufuata njia ile ile ya jina la ukoo, isipokuwa pale mtoto alipopewa jina la mama. Kwa mwana wa kiume wa ukoo ule wa Helpston ingekwenda moja kwa moja kwa yule mwalimu mpiga fidla, kwa akina Parker, huku kila kitabu cha kanisa kikiandika Clare.

Katika yale majina kumi na moja ya bahasha nimewapata tisa. Wawili wamebaki, mmoja ni Mary asiye na jina la ukoo, aliyeolewa kabla ya 1813. Nimeshachora duara la maili kumi. Ndani yake kuna parokia ishirini na mbili, nimemaliza saba.